Meza ya mninga inayohamia Dodoma: shajara ya gundi

3 Machi

Oda imeingia leo: meza ya sebuleni, sentimita 120 kwa 60, uso wa mninga, na rafu moja chini yake. Mteja ni mama mtumishi wa wizara, na mwezi wa sita anahamia Dodoma. Mninga mtupu alishaulizia bei akaishia kucheka, kwa hiyo tumekubaliana vinia, yaani karatasi nyembamba za mbao, juu ya MDF, ule ubao wa kiwandani wa unga wa mbao. "Ila fundi, isije ikanifanyia vituko huko," akaniambia. Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Wasiwasi nikabaki nao mimi.

Mwaka jana nilitengeneza dawati la vinia. Lilitoka hapa Keko, Dar es Salaam, uso wake ukiwa kama kioo. Miezi miwili baadaye mwenyewe akanitumia picha kwenye WhatsApp, bila salamu wala neno: kiungo cha katikati kimeachana mpaka ukucha unaingia, na kona ya kushoto imetoa malengelenge kama mkono uliomwagikiwa chai. Nalo lilikuwa limekwenda Dodoma. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huko mwaka 2016, samani zetu nazo zinahama na wenyewe. Zinatengenezwa kwenye joto la pwani, zinakwenda kuishi kwenye ukavu, na lawama zinarudi kwa fundi.

Dawati lile nililibandika kwa gundi nyeupe, ileile ninayofungia miguu ya viti miaka yote, na kwenye viti haijaniangusha hata mara moja. Safari hii naandika kila kitu. Likiharibika tena, angalau nijue wapi.

6 Machi

Vinia nimeipata kwa rafiki mwenye karakana ya milango. Karatasi nane zilizofuatana kwenye gogo moja, urefu mita 2.5, upana sentimita 16, unene milimita 0.6. Nikizikata katikati napata vipande 16: vinne uso wa meza, vinne tumbo la meza, vitatu juu ya rafu na vitatu chini yake, viwili vinabaki vya majaribio. Nikiharibu kipande kimoja sina pa kukimbilia.

Kipimo cha unyevu kinasoma asilimia 15. Hapa pwani ndivyo mbao inavyokaa, hewa yenyewe ina maji. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei mpaka Novemba mvua ni hadithi. Mbao iliyo ndani ya nyumba kule hushuka mpaka asilimia 10, pengine chini ya hapo. Maji yakitoka mbao hunywea, na hunywea kwa upana, urefu hauguswi sana. MDF nayo hunywea, lakini kidogo mno. Kwa hiyo vinia inataka kujikusanya, ubao wa chini umetulia, na kati yao kuna gundi inayovutwa huku na huku usiku na mchana. Kama gundi hiyo ni laini, itakubali kuvutwa, na kiungo kitafunguka taratibu. Nadhani hicho ndicho kilichotokea kwenye dawati.

Tumbo la meza lazima nalo livikwe vinia, la sivyo meza itapinda kama kigae. Kuna mtu alinishauri chini niweke vinia ya mkaratusi, ile inayomenywa kwenye viwanda vya Mafinga, kwa kuwa ni nafuu. Niliyoikuta dukani ina milimita 2. Juu 0.6, chini 2: mwenye nguvu atamvuta mwenzake. Nimeiacha.

9 Machi

Vipande vitano vya MDF, mraba wa sentimita 20 kila kimoja. Kila kimoja kina vinia mbili zilizounganishwa katikati, kwa sababu kiungo ndicho ninachotaka kukitazama.

Cha kwanza: gundi nyeupe ikiwa mbichi, imebanwa kwa klempu (vibanio) usiku kucha, sawasawa na dawati.

Cha pili: gundi nyeupe kwa njia ya pasi. Unapaka MDF na unapaka vinia, unaacha zote zikauke mpaka zing'ae, halafu unabandika kwa pasi yenye moto wa pamba, bila mvuke. Gundi nyeupe ikipata joto hulainika tena na kushikana. Njia tamu sana kwa asiye na klempu. Ila pasi ilipopita vinia ilinywea palepale mbele ya macho yangu, na kiungo kikaacha mwanya kabla hata sijaweka pasi chini. Nimekikata upya kwa wembe nikabandika tena.

Cha tatu: gundi ya njano, ile ya mafundi viatu na ya kubandikia fomaika, zile karatasi ngumu za plastiki za kufunikia meza. Unapaka pande zote mbili, unasubiri kama dakika 20 mpaka kidole hakinati, kisha unakutanisha. Zikigusana hakuna kurudi nyuma. Hapa Keko wengi wanaipenda kwa vinia kwa sababu haina maji, vinia haijikunji, na kazi inaondoka siku hiyohiyo. Harufu yake inapanda kichwani na inashika moto haraka, kwa hiyo jiko la chai limehamishiwa nje.

Cha nne kilinichekesha. Mafundi wa zamani walitumia gundi ya ngozi ya ng'ombe. Kwenye kaburi la Rekhmire, waziri wa mafarao, huko Luxor nchini Misri, kuna picha za maseremala na chungu chao cha gundi motoni, kazi ya karne ya 15 kabla ya Kristo. Gundi ya ngozi sikuipata. Ila jelatini ya kupikia ni mali ya ukoo huohuo, imesafishwa tu zaidi, nami nimenunua ya ng'ombe. Imelowa kwenye maji baridi nusu saa, kisha bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, nyuzi 60 hivi, isichemke maana ikichemka inakufa nguvu. Unapaka, unalaza vinia, unasukuma kwa kipande butu cha mbao kuanzia katikati kwenda pembeni, gundi iliyozidi inatoka kama uji. Hakuna klempu. Inapoa, inashika. Kijana wangu akauliza kama tunatengeneza meza au pudini.

Cha tano: gundi ya unga, ya yurea na fomaldehidi, ambayo viwanda vya plaiwudi na milango vinaijua vizuri. Unga kwa maji, mbili kwa moja kwa uzito. Ikishakauka ni ngumu kama glasi.

Aralidaiti, gundi ya epoksi, niliifikiria. Haina maji, haivutiki. Lakini kuipaka mita za mraba kadhaa ni kumbandikia mama wa watu meza kwa hela ya shule ya watoto.

10 Machi

Leo nimetengeneza Dodoma. Ni kasha la mabaki ya plaiwudi lenye matundu mawili ya hewa, balbu nyekundu ya kulelea vifaranga, na kipimo cha unyevu wa hewa cha kuazima. Balbu nimeining'iniza mbali na mbao na inawaka nikiwepo tu, sitaki kuamshwa kwa habari za moto. Nje masika yanabisha hodi, unyevu wa hewa asilimia 84. Ndani ya kasha, baada ya saa mbili, 36. Kijana ameandika kwa chaki mlangoni: DODOMA, KARIBUNI SANA.

Vipande vyote vitano vimehamia humo.

24 Machi

Wiki mbili zimetimia. Nimevitoa nikavipanga juu ya benchi na kuvimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni.

Gundi nyeupe mbichi: kiungo kimeachana, wembe unapita. Sura ileile ya picha ya dawati, nilijisikia kama mtu aliyekutana na mdeni wake sokoni. Maji yaliyomo kwenye gundi yaliivimbisha vinia wakati nabandika, ikakauka ikiwa imetanuka, kisha ukavu ukaja kuidai. Na gundi yenyewe ikikauka bado ni aina ya plastiki laini. Ukiivuta kwa ghafla haikubali, ukiivuta polepole kwa wiki nzima inanyooka.

Ya pasi: nafuu kidogo, mwanya wa unywele. Lakini kinachoibandika ni joto, na joto ndilo linaweza kuibandua. Meza hii itasafiri ndani ya lori chini ya turubai, Juni, mchana.

Gundi ya njano imenitia aibu, maana nimeshawahi kuitetea hadharani. Kiungo kimefunguka kuliko vyote. Gundi hii haikauki kuwa ngumu kamwe, inabaki kama mpira. Fomaika haina shida na hilo kwa kuwa haivimbi wala hainywei kama mbao. Vinia ya mbao inatambaa juu yake kadiri inavyotaka. Halafu nikapaka vanishi iliyozimuliwa kwa thina nione, na kabla sijamaliza kusafisha brashi malengelenge mawili yalikuwa yamesimama. Thina imepita kwenye vitundu vya mbao ikaiamsha gundi. Kwa fomaika nitaendelea nayo. Kwa vinia isiyo na karatasi mgongoni, basi.

Jelatini! Kiungo kimefunga kabisa. Nilifurahi nikaita majirani. Kisha nikaweka juu yake glasi ya maji baridi inayotoa jasho, nikaiacha usiku mzima, asubuhi vinia imeinuka umbo la duara. Kwa fremu ya picha au kasha la vito ningeitumia kesho, na ina sifa moja ambayo nyingine hazina: ukikosea, pasi na kitambaa kibichi vinakurudisha mwanzo. Kwa meza itakayowekewa glasi za juisi, hapana.

Gundi ya unga: hakuna kilichotokea. Nimegonga kwa ukucha kila sentimita, sauti moja. Glasi ya maji usiku mzima, hakuna. Thina, hakuna.

Kwa hiyo ni ya unga. Ubaya wake nauandika pia. Inatoa fomaldehidi, ile iliyomo kwenye formalini, macho yanachonyota. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kuchanganya na kupiga msasa ni nje, kwa glavu na barakoa ya kweli, si leso. Na haisamehe: ikishika imeshika, hakuna pasi itakayoibandua.

29 Machi

Vinia ilikuwa na mawimbi. Nimerashia mchanganyiko wa maji, spiriti na gliserini ya duka la dawa, kisha nikazipanga kati ya karatasi nyeupe zisizochapwa na kuzibana kwa mbao mbili. Karatasi nabadilisha kila siku. Gazeti usijaribu, wino unahamia.

Zikinyooka zinaingia kwenye kasha la Dodoma kabla ya kubandikwa. Hii ndiyo hesabu ambayo mwaka jana sikuipiga. Vinia ikiwa imeshanywea tayari mpaka asilimia 10, itakuwa imebakiza kidogo tu cha kunywea baada ya kuhama.

5 Aprili

Klempu zangu zinafika kingo za meza, katikati hazifiki. Matofali je? Matofali 20 ya saruji hayafiki hata tani moja. Hewa tunayopumua inakandamiza kila mita ya mraba kwa uzito wa tani 10 hivi, na haidai kodi. Kinachotakiwa ni kuiondoa upande mmoja.

Fundi friji wa jirani amenipa kompresa ya friji kuukuu, gesi ilishatolewa. Inavuta upande mmoja, inatema upande mwingine, pamoja na mafuta kidogo, kwa hiyo mdomo wa kutemea nimeutumbukizia kwenye chupa yenye matambara. Mfuko ni nailoni nene ya kufunikia meza za chakula, inauzwa kwa mita. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019 na watu wakadhani nailoni imekwisha nchini.) Nimeikunja, pembeni nimeziba kwa gundi ya njano, kumbe ina kazi yake hata hapa. Mdomo unafungwa kwa kuviringisha nailoni kwenye fimbo na kuivika bomba la PVC lililopasuliwa kwa urefu. Ndani, juu ya mbao, unakuja wavu wa mbu wa madirishani ili hewa ipate njia ya kutokea.

Geji, kipimo cha nguvu ya kuvuta hewa, imefika inchi 24 za zebaki. Kwa ukubwa wa meza hii ni karibu tani sita, kila pembe sawa. Kijana alipojaribu kuchomeka kidole chini ya nailoni hakikuingia.

12 Aprili

Nimeanza na rafu, sentimita 100 kwa 40, kwa sababu kosa la rafu linafichika.

Gundi inapakwa kwenye MDF, haipakwi kwenye vinia. Ukipaka vinia inajikunja kama mkeka kabla hujaifikisha. Kila kitu kilikwenda sawa: upande wa chini, upande wa juu, ndani ya mfuko, geji inchi 24. Dakika 40 baadaye umeme ukakatika mtaa mzima.

Nilikuwa nimeenda kununua chai. Narudi nakuta nailoni imelegea kama puto la sikukuu ya juzi. Kompresa ikizima inavujisha kurudi nyuma, na koki ya bomba la kuvutia hewa sikuwa nimeifunga kwa sababu nani alikuwepo wa kuifunga? Tulirundika matofali, ndoo ya rangi, mtungi wa gesi, kijana mwenyewe akapanda juu akakaa na simu yake. Umeme ulirudi baada ya muda wa saa tatu.

13 Aprili

Malengelenge mawili juu ya rafu, moja kama sarafu, jingine kama yai. Ukigonga kwa ukucha yanalia utupu.

Nimepasua kwa wembe kufuata nyuzi, kamwe si kukatiza. Nimechukua bomba la sindano la duka la dawa, nikaingiza gundi mbichi chini, nikasukuma kwa kidole isambae, nikafuta iliyozidi, nikaweka nailoni na kipande cha mbao na klempu mpaka kesho yake. Ukiangalia haraka huoni.

19 Aprili

Uso na tumbo la meza kwa mkupuo mmoja, ili pande zote mbili zilowe na kukauka pamoja.

Vipande vinne vimefunguliwa kama kurasa za kitabu, kila kimoja kikitazamana na mwenzake. Kingo zimenyooshwa kwa randa zikiwa zimebanwa kati ya mbao mbili, kisha zimeshikiwa kwa tepu ya karatasi upande wa nje. Upande wa gundi hauna tepu hata chembe.

Joto la karakana nyuzi 32. Maelekezo ya gundi yamepigiwa hesabu ya nyuzi 20, na kwa joto letu niliona kwenye majaribio kwamba baada ya dakika 25 inaanza kuwa kama ugali. Leo bakuli limekaa ndani ya beseni la barafu na nimepata dakika kumi za ziada. Unga gramu 180, maji 90, mizani ya jikoni. Kwa rola fupi nimetandaza kama gramu 110 kila upande. Uso uwe kama barabara baada ya manyunyu, usiwe na madimbwi. Ikizidi inapenya vitundu vya mninga na kutokea juu, na hapo vanishi haishiki, inabaki madoa ya kijivu.

Nailoni laini juu ya vinia isije ikagandana na ubao wa kukandamizia, ubao wenyewe kingo zimepigwa msasa zisitoboe mfuko, wavu, mdomo kufungwa. Inchi 24. Safari hii jenereta ya mchomeleaji wa jirani iko mlangoni, koki iko karibu na mkono wangu, na chai imeletwa hapahapa. Umeme haukukatika hata sekunde moja. Ndivyo ulivyo.

Nimefungua baada ya muda wa saa kumi. Hakuna lengelenge hata moja.

3 Mei

Kingo nimezivika mninga mtupu wa milimita 8 kwa gundi nyeupe. Mbao kwa MDF, klempu zinafika, kazi yake ni hiyo.

Tepu imetoka kwa kulowesha kidogo na kukwangua. Msasa namba 180 kwa mkono, juu ya kibao, mashine sikuigusa. Pamoja na hayo kona moja nimeipita mpaka rangi ya kahawia ya MDF ikachungulia, pana kama punje ya mchele. Nimeipaka rangi ya maji kwa brashi ya mtoto wa shule. Nimemwambia mteja. Alichukua dakika kuiona, na mimi ndiye niliyemwonyesha.

14 Juni

Imeondoka, imefungwa blanketi mbili, imesimamishwa kwa ubavu kati ya friji na godoro. Kabla ya kupakia nimempa mama kile kipimo cha unyevu wa hewa (nimeshamlipa mwenyewe) na karatasi moja ya daftari. Kazi yake kila mwisho wa mwezi ni kujaribu kuipenyeza karatasi kwenye viungo vya mninga, na kunipigia simu.

2 Agosti

Picha zimekuja, na salamu za nyumba nzima zimetangulia. Unyevu wa hewa sebuleni, saa tisa alasiri, asilimia 41. Viungo vitatu vya uso wa meza: karatasi haiingii. Meza haijapinda, ameilaza rula ya shule ya mwanawe na mwanga haupiti chini yake.

Kwenye rafu kuna ufa mwembamba, sentimita 4, unafuata nyuzi. Nimeukuza kwenye simu. Uko palepale nilipopasua lengelenge la ukubwa wa yai. Lile la sarafu bado limefunga.

Mama anasema nisijali, ameshaufunika kwa kitambaa cha kufuma. Nimemwomba akitoe mpaka Novemba, nataka kuona utaishia wapi.